Usimsemeshe Bibi akiwa anashuka

Machame

Mwanangu mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, kahawa imeshika vizuri, mfereji umezibuliwa na maji yanafika mpaka kwenye migomba ya chini. Bibi yako ndiye sababu ya barua hii. Uliponipigia simu ukaniuliza anaendeleaje, nikakujibu "vizuri," kwa sababu alikuwa amekaa pembeni yangu na sikutaka asikie akisimuliwa. Leo nakueleza yote, maana kuna jambo nimelijua nikiwa nimechelewa, na sitaki na wewe uchelewe nalo.

Mwezi wa nne, usiku wa mvua, aliamka kwenda chooni. Malapa yakateleza kwenye tope mlangoni pa jiko. Tulimkuta amekaa chini anacheka. Nyuma ya sikio palikuwa na nundu ndogo, damu hakuna. Mama yako akamkanda kwa maji ya moto, tukampa chai, akalala. Tukadhani yameisha.

Wiki ya tatu akaanza kuniita kwa jina la marehemu baba yako mkubwa. Akawa anasinzia mchana kutwa, analalamika kichwa, na mguu wa kushoto anauburuta. Waliokuja kumwona walisema anarudia utoto. Na mimi, mwalimu niliyewaambia watoto miaka 34 wasijibu swali kabla ya kulisoma, nikasema ni uzee. Siku nane nilikaa na jibu hilo, Neema. Siku nane ambazo mama yangu alikuwa anavuja damu kichwani na mimi nampa uji.

Aliyetuokoa ni tabibu kijana wa zahanati. Hakuuliza kama Bibi ameanguka. Aliuliza, "Mama huyu alianguka lini?" Nikamwambia ni zamani, karibu mwezi. Akaweka kalamu chini, akaniambia tumpeleke hospitali ya rufaa siku ileile akapigwe picha ya kichwa. Yule mtamba uliyekuwa unamuulizia ndiye aliyelipa.

Picha ilionyesha damu nzee imejikusanya kati ya fuvu na ubongo. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Mtu akizeeka ubongo husinyaa kidogo, unabaki na nafasi ndani ya fuvu, na vimishipa vinavyouunganisha na utando wa juu vinakuwa vimevutika kama kamba ya nguo. Pigo dogo tu linatosha kukatisha kimoja. Damu haitoki kwa nguvu, inachuruzika polepole kwa wiki kadhaa, hadi siku inaanza kuubana ubongo. Ndiyo maana mzee anaanguka leo, anacheka, na mwezi ujao hajui jina la mwanawe. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wako hatarini zaidi. Walimtoboa fuvu matundu mawili, damu ikatolewa. Siku ya nne aliniita kwa jina langu, akauliza nani anakamua ng'ombe.

Nililia pale wodini. Sioni aibu kukuandikia hivyo.

Lakini si yote yaliyorudi. Daktari aliniuliza kuhusu mwaka jana, kabla ya tope lile, na kadiri nilivyokuwa nikijibu ndivyo nilivyojisikia vibaya zaidi. Alikuwa akiuliza jambo moja mara tatu. Alikuwa ameacha kwenda sokoni peke yake, akisema miguu imechoka. Na kitu kimoja nilikiona kila siku bila kukifikiria: tukishuka kwenda mferejini nikamsemesha, alisimama kabisa ili anijibu, kisha ndipo aendelee kutembea. Nilidhani ni heshima ya watu wa zamani, kumtazama mtu unapoongea naye.

Kumbe watafiti wa Umeå, Sweden, waliandika jambo hilo mwaka 1997. Walitembea na wazee wa kwenye makao ya kutunzia wazee na kuongea nao njiani. Wazee 12 walisimama walipoanza kuongea, na ndani ya miezi sita, 10 kati yao walianguka. Kutembea tunakuona ni kazi ya miguu tu, lakini kila hatua kichwa kinapima mteremko, kinachagua jiwe la kukanyaga, kinarekebisha mwili ukiyumba. Kichwa kikianza kuchoka hakiwezi tena kubeba kutembea na maongezi kwa pamoja. Ndiyo maana wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huanguka karibu mara mbili ya wazee wenzao. Miguu ya Bibi ilikuwa inatuambia habari za kichwa chake, na sisi tukamnunulia dawa ya kuchua magoti.

Wala hatuko peke yetu. Hapahapa wilayani kwetu Hai watafiti waliwahi kupita kwenye vijiji sita na kuwapima wazee zaidi ya 1,000 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: walikuta takribani 6 hadi 7 katika kila 100 wana ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote. Nafikiria nyumba ninazozijua, vibibi vinavyoitwa wakorofi, wengine wakinong'onwa kuwa wachawi kwa sababu wanazunguka usiku. Inaniuma sana.

Jambo la dawa linakuhusu, na naomba lisikuumize, kwa sababu ulifanya kwa upendo. Daktari alitaka aone kila kidonge anachomeza Bibi, nikamwaga mfuko mezani. Dawa ya presha ilikuwa ileile kwenye pakiti mbili zenye majina tofauti, moja ya hapa na moja uliyotuma, na alikuwa anameza zote. Kulikuwa na Piriton, vidonge vya mzio, alizokuwa anakunywa ili apate usingizi. Alimpima presha akiwa amelala, kisha akampima tena akiwa amesimama, ikashuka kwa zaidi ya 20. Kwa hiyo kila alipoinuka kitandani usiku dunia ilimzunguka, na ile Piriton ikamwongezea ukungu kichwani. Sasa anameza kidonge kimoja cha presha, na akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu chini, mpaka atulie. Usitume dawa nyingine bila kuniuliza jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Shangazi yako anataka Bibi asitoke tena nje, akae kwenye kochi aletewe kila kitu. Tumebishana mpaka simu ikakatwa. Namwelewa, anaogopa, lakini anakosea. Mzee akikalishwa, misuli ya mapaja inaisha, na siku akiinuka kwenda chooni anaanguka vibaya kuliko mwanzo. Mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara yamepimwa kwa maelfu ya wazee, na hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Kwa hiyo asubuhi na jioni Bibi anakaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, ameshika meza ya jiko, na mama yako anahesabu kwa sauti. Njia ya chooni nimeitia kokoto na kamba ya kushikia, na taa ya sola inawaka usiku kucha. Mwezi ujao anaenda kuangaliwa macho, maana jicho la kulia lina mtoto wa jicho na huenda nalo lilichangia.

Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, hiyo si hali yake ya kawaida. Inaweza kuwa malaria, mkojo una maambukizi, kichomi, au amekosa maji tu. Niahidi kwamba ukipigiwa simu ukaambiwa "Bibi amebadilika tangu jana," hutasema ni uzee. Utauliza alianguka lini na amekunywa nini. Na mimi nimetimiza miaka 66, swali hilo siku moja utaniuliza mimi. Uliza bila kuona haya.

Krismasi ukija, mletee viatu vya raba vilivyofungwa kisigino, namba 38. Malapa nimeyachoma. Atakusikia ukishuka kwenye gari juu barabarani na atataka kuja kukupokea. Usimwite kwa mbali kama ulivyozoea. Nyamaza, shuka mpaka alipo, mshike mkono wa kushoto, mfike pamoja kwenye lile jiwe kubwa la chini ya mti wa mruka. Akishakaa hapo, ndipo umsalimie.

Baba yako