Mnaonunua pikipiki za kale mtandaoni, someni namba kwanza

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kibuye, Kisumu. Naandika kuhusu jambo ambalo siku hizi linaletwa karakanani kwangu likiwa limefungwa kamba juu ya lori. Kijana ana kazi na akiba kidogo. Ameona kwenye simu Yamaha DT 175 au Honda XL ya miaka ya sabini, tangi linang'aa, muuzaji yuko kaunti nyingine. Ametuma pesa, pikipiki imefika, ndipo ananiita niipige kiki.

Sina neno na mapenzi yao. Mashine hizi nimezipenda tangu nilipokuwa mwanagenzi kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa na karakana mjini humu. Ndizo zilizombeba afisa wa kilimo kwenda mashambani Vihiga, na katekista kuzunguka vigango vya Mumias. Nyingi bado zimelala nyuma ya majiko na chini ya maghala, na nafurahi kila inayorudi barabarani. Kinachoniuma ni jinsi zinavyouzwa.

Mnunuzi akija, swali lake huwa ni la injini. Injini naimudu. DT ni ya zile zinazochoma oili pamoja na petroli. Ikikaa miaka bila kuwashwa, sili za krenki, yaani mipira inayozuia hewa isiingie ndani ya injini, hukauka na kuanza kunyonya hewa. Itawaka vizuri tu siku ya kwanza, lakini moto utakuwa mkali kuliko kawaida, na ukiendelea kuiendesha pistoni itatoboka. Basi sili hubadilishwa, silinda ikapelekwa kwenye lethi ikapanuliwa, ikatiwa pistoni ya saizi inayofuata. Tangi nalo, hasa la pikipiki iliyokaa huku kando ya ziwa, huwa na kutu ndani hata kama nje limepakwa rangi ya kioo, na kutu hiyo huishia kwenye karabureta. Haya yote yana gharama, ila gharama yake ina mwisho. Namba ya pikipiki iliyogongwa kwenye chuma, ikichezewa, haina dawa.

Mwezi huu mwalimu wa shule ya upili kutoka upande wa Luanda, Vihiga, aliniletea DT. Nilimwagia thina kwenye shingo ya fremu, pale karibu na usukani ambapo namba hugongwa, nikafuta rangi mpya. Chuma kilikuwa kimelishwa grainda hadi kikabonyea, na tarakimu zilikuwa zimegongwa kwa mkono, nyingine juu, nyingine chini. Logibuku, yaani hati ya usajili, aliyotumiwa ilikuwa na namba nyingine kabisa.

"Fundi, si unigongee tu namba ifanane na karatasi?"

"Siwezi, mwalimu. Hiyo ni hatia. Na pengine kuna mtu aliyeibiwa pikipiki hii, hadi leo anaitafuta."

Simu ya muuzaji ilikuwa imezimwa. Pesa zilikuwa zimeshatolewa siku ile ile zilipotumwa. Mwalimu alikaa kwenye benchi langu mpaka jioni, na nilikosa la kumwambia. Nilimshauri aende kituo cha polisi mwenyewe akaandikishe taarifa kabla hajasimamishwa nayo barabarani.

Ujanja mwingine umekuja na bodaboda. Honda ilitoa CG 125 mwaka 1976, viwanda vya China vikaiga injini yake, na sasa mwigo huo umejaa kila kijiji. Mtu akichomelea vishikio viwili vitatu anaupachika kwenye fremu ya kale, na picha iliyopigwa kwa mbali haionyeshi kitu. Omba picha ya karibu ya namba ya injini. Ikianza na 156FMI au 162FMJ, hiyo imetoka China: 1 ni idadi ya silinda, 56 au 62 ni upana wa silinda kwa milimita. Itakufikisha Kondele na kukurudisha bila taabu, lakini usiilipie bei ya Honda ya mwaka 1978.

Wapo pia waliosikia kwamba namba ya injini na ya fremu lazima zilingane, wakaziacha Honda nzuri kwa sababu hiyo. Honda hugonga namba mbili tofauti tangu kiwandani. Wanaolinganisha ni Waingereza. Pikipiki zao za BSA na Triumph za kuanzia mwaka 1969 zilitoka kiwandani na namba moja kwenye injini na fremu, ikiwa na herufi mbili mbele, ya kwanza ya mwezi na ya pili ya mwaka. GC ni Juni 1969. Herufi ya mwaka 1971 ni E. Kwa hiyo ukitangaziwa Triumph ya 1971 na namba inaanza na GC, muuzaji ana maelezo ya kutoa.

Sasa karatasi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa huku magharibi wanaponaswa bila hata kutapeliwa. Pikipiki ya kale mara nyingi ni ya marehemu. Anayeiuza ni mjukuu au mpwa, kijana mkweli kabisa, na logibuku anayo. Lakini jina lililoandikwa humo ni la babu aliyezikwa zamani, na marehemu hawezi kuidhinisha uhamisho kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Bila hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, mjukuu hana mamlaka ya kuiuza. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inahesabu kugusa mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa, faini yake hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nimeona shangazi akifika karakanani na watoto wake kuidai pikipiki ya baba yao wakati mnunuzi amesimama pale pale na risiti mkononi. Wote wawili walikuwa na haki ya kulia.

Zaidi ya hayo, magari yalisajiliwa nchini miaka mingi kabla ya NTSA, mamlaka inayosajili magari sasa, kuundwa kwa sheria ya mwaka 2012, kwa hiyo rekodi ya zamani huenda isiwepo kwake. Ukiona bamba la zamani, la herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, fanya utafutaji wa rekodi NTSA kabla ya kutuma hata shilingi. Isipopatikana, mwache muuzaji aifuatilie mwenyewe huku pikipiki ikiwa bado kwake.

Muuzaji wa kweli hachoki kuulizwa. Mwambie akupigie simu ya video, aweke kiganja juu ya silinda uone kwamba ni baridi, hakuiwasha kabla ya kukupigia, ndipo apige kiki. Aweke gazeti la siku hiyo kwenye kiti na kupiga picha ya namba mbili, ya injini na ya fremu, bila kuziba tarakimu yoyote. Kama nauli ya kwenda kuiona inakushinda, mtafute fundi wa mji huo umlipe akaikague kwa niaba yako.

Nanyi mlioachiwa pikipiki na mzee wenu na mnataka kuiuza, nawasihi mketi kama familia, mwende kwa chifu mpate barua ya kuwataja warithi, mpeleke barua hiyo mahakamani. Picha za mtandaoni zipigwe baada ya hapo.

Fundi wa pikipiki,
Kibuye, Kisumu