Risala ya Klabu ya Kriketi kwa Mgeni wa Heshima: Habari za Sandeep Patil

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu: Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa wetu.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko na kukubali kukaa nasi kwenye jua hili la Mombasa ambalo turubai letu limeshindwa kulizuia. Kila siku ya michezo, risala ya klabu ya kriketi huwa ni hesabu ya mechi tulizoshinda, ambazo si nyingi, na orodha ya vifaa vilivyochakaa, ambavyo ni vingi. Mwaka huu tumemwomba Mwalimu Mkuu aturuhusu tusome habari za mtu mmoja tu. Maombi yapo, hatukudanganyi, lakini yatatoka humo humo katika habari zake. Mtu mwenyewe ni Sandeep Patil wa India.

Wanafunzi wengi waliokaa hapa wanamjua Dhoni, wanamjua Kohli. Patil hawamjui, na si ajabu. Alicheza mechi 29 za testi, yaani zile za kimataifa zinazochukua hadi siku tano, akapata mikimbio 1,588 (mikimbio ndiyo alama za kriketi), na za siku moja 45. Ukimpanga na magwiji wa kwao atakaa safu za nyuma. Hata hivyo, katika wachezaji wote waliowahi kuvaa jezi ya India, sisi hatumwoni aliyeifaa Kenya kama yeye.

Alizaliwa tarehe 18 Agosti 1956 huko Bombay, mji unaoitwa leo Mumbai. Baba yake, Madhusudan, alikuwa mchezaji wa kriketi vilevile, na kijana alilelewa na Shivaji Park, uwanja wa wazi ambao umetoa wachezaji wa taifa kizazi baada ya kizazi. Alikuwa mpigaji wa katikati, mwenye mkono mzito na subira ndogo. Januari 1980 aliichezea India testi yake ya kwanza, dhidi ya Pakistan.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa Australia, na hapa, Mgeni wa heshima, tunaomba utuvumilie tukawie kidogo.

Ilikuwa Sydney, Januari 1981. Patil alikuwa amefika mikimbio 65, na tayari mpira wa Rodney Hogg, mrushaji wa Australia, ulishampiga kooni. Hakutoka. Kabla tu ya mapumziko ya chai, mwenzake Hogg, Len Pascoe, akamrushia mpira mfupi uliodunda na kupanda hadi usoni. Ulimpata kwenye sikio la kulia. Hakuwa amevaa helmeti. Alianguka pale pale kwenye pichi, akatolewa nje akiwa ameshikiliwa. Zamu ya pili, India ikiwa inaelekea kushindwa vibaya, nahodha Sunil Gavaskar alimshawishi arudi kupiga ili kuwapa wenzake moyo, naye akarudi na maumivu yake.

Katika klabu tumebishana sana juu ya jambo hilo. Wapo wanaosema huo ndio uanaume. Walio wengi, pamoja na sisi tulioandika risala hii, tunasema nahodha alikosea: mtu aliyepigwa kichwani hatakiwi bati la kupigia, anatakiwa daktari. Kriketi yenyewe ilichelewa kulikubali hilo. Ni tangu 2019 tu ndipo sheria za testi zinaruhusu mchezaji aliyetikiswa ubongo abadilishwe na mwingine akaendelea kupiga na kurusha badala yake.

Testi iliyofuata ilikuwa Adelaide. Warushaji walikuwa wale wale, Pascoe, Hogg na Dennis Lillee. Patil aliingia, safari hii akiwa na helmeti kichwani, akapiga 174. Hakuna siku nyingine katika maisha yake ya testi aliyopata zaidi ya hapo. Wanaosimulia habari hii husifu ujasiri wake. Sisi tunauona ujasiri, na helmeti pia tunaiona.

Yaliyofuata tutayapitia haraka. Mwaka 1982 huko Old Trafford, Manchester, alimpiga nahodha wa Uingereza, Bob Willis, mipigo sita ya mikimbio minne minne katika ova moja (ova ni mipira sita halali ya mrushaji mmoja), akamaliza na 129 bila kutolewa. Mwaka 1983, kwenye uwanja ule ule, Uingereza wakamkuta tena nusu fainali ya Kombe la Dunia. Patil alipiga 51 kwa mipira 32 na bado alikuwa amesimama India iliposhinda. Siku tatu baadaye, kwenye fainali katika uwanja wa Lord's, London, India ambayo hakuna aliyeitia maanani iliwafunga West Indies kwa mikimbio 43 ikachukua kombe. Patil alichangia 27.

Kisha akaharibu. Desemba 1984 huko Delhi, testi ikiwa inahitaji utulivu, yeye na Kapil Dev walitoka kwa mipigo ya pupa, India ikashindwa na Uingereza. Wote wawili wakaachwa mechi iliyofuata. Kapil alirudishwa. Patil hakucheza testi tena. Katika mechi hiyo aliyoachwa, Mohammad Azharuddin aliingia kwa mara ya kwanza akapiga 110, na tangu hapo mlango ukawa umefungwa. Patil akajaribu filamu za Kihindi, akarudi uwanjani kuwa nahodha wa jimbo la Madhya Pradesh, na mwaka 1996 akawa kocha wa India kwa muda mfupi. Katika ziara ya Uingereza mwaka huo, kijana mmoja wa Calcutta, Sourav Ganguly, alianza testi zake kwa kupiga 131 pale Lord's. Jina hilo litarudi.

Baada ya hapo ndipo alipokuja kwetu, akawa kocha wa timu ya taifa ya Kenya.

Kombe la Dunia la 2003 liliandaliwa Afrika Kusini, na mechi chache zikaletwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, pointi wakapewa Kenya. Hadi leo wapo wanaosema nusu fainali ya Kenya ilikuwa ya bahati kwa sababu hiyo. Watu hao huruka tarehe 24 Februari. Sri Lanka, ambao walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, walikubali kuja Nairobi. Kenya ilipata 210, jumla ambayo mtu wa Sri Lanka angeicheka. Kisha nahodha Steve Tikolo akampa mpira Collins Obuya, kijana wa mipira ya kuzungusha kwa kifundo cha mkono. Aravinda de Silva, Jayawardene na Sangakkara, wote watatu waliondoka mikononi mwake. Ova kumi, mikimbio 24, wiketi tano, yaani wapigaji watano aliowatoa. Sri Lanka walikwama kwenye 157.

Kwetu Mombasa kuna mwengine ambaye tunaomba asisahauliwe. Aasif Karim, mzaliwa wa mji huu, alikuwa ameshastaafu baada ya kuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la 1999. Mwaka 2003 aliitwa tena, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi, Durban, mbele ya Australia ambao hawakushindwa na timu yoyote mashindano yale, alirusha ova nane na mipira miwili, akaruhusu mikimbio saba tu na kuchukua wiketi tatu, mmoja wao nahodha Ricky Ponting. Ova sita kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Kenya ilishindwa, na bado mchezaji bora wa mechi akawa ni yeye.

Kenya ilikuwa imeshapita kwa kuifunga Zimbabwe, na nusu fainali ikawakuta India. Nahodha wa India alikuwa nani? Ganguly yule yule. Alipiga 111 bila kutolewa, Kenya ikashindwa kwa mikimbio 91, na Patil akashuhudia nchi yake ikimtoa. Hadi leo hakuna timu nyingine isiyo na hadhi ya testi iliyofika nusu fainali ya Kombe hilo la Dunia.

Yaliyoipata kriketi ya Kenya baada ya hapo unayajua, Mgeni wetu: migogoro ya viongozi, ugomvi wa malipo, na mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Patil alirudi kwao, na kati ya 2012 na 2016 ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuchagua timu ya India. Mtu aliyeachwa kwa mpigo wa pupa akawa ndiye anayeamua nani aachwe.

Sasa maombi yetu. Klabu ina helmeti mbili. Mpigaji akitolewa, huivua akitembea na kumkabidhi anayeingia, ikiwa bado imelowa jasho la mwenzake. Moja ukanda wake ulikatika, tumeufunga kwa kamba ya kiatu. Wasichana wa Gredi ya Saba wakiivaa huwashukia machoni, kwa hivyo huamua kupiga bila chochote kichwani, na mwalimu wetu, ambaye ndiye refa, hulazimika kuwakataza warushaji wasirushe mpira mfupi. Mchezo wa namna hiyo haumfundishi mpigaji wala mrushaji. Tunaomba helmeti zenye nyavu za uso, zikiwemo ndogo za wasichana. Mkeka wa pichi nao umetoboka pale pale mpira unapodunda, lakini tukilazimika kuchagua, tutachagua helmeti.

Ombi la pili ni kocha. Mwalimu wetu wa michezo anatusaidia kwa moyo wote, naye mwenyewe hukiri kwamba alisomea mpira wa wavu. Tungepata mtu aliyefunzwa kriketi, hata kwa alasiri mbili za wiki, tungeshukuru. Collins Obuya alikuwa na kipaji kabla ya Patil kufika, ila kocha kama Patil si kila timu inaye.

Baada ya chai, Mgeni wa heshima, tunakuomba uingie kwenye pichi ucheze ova moja. Atakayekurushia ni nahodha wetu wa wasichana, na ameahidi kutorusha mpira mfupi. Tumekuwekea helmeti ile yenye ukanda mzima.

Tunaomba kuwasilisha.