Usiniambie uko poa kama hauko poa

Shosti wangu,

Vipi hali huko Oulu, Ufini? Safari hii naomba jibu la kweli sio lile la salamu, maana voisi yako ya jumapili nimeisikiliza mpaka mwisho, pale katikati umecheka ukasema ni baridi tu na uchovu wa kazi, ila mimi nakujua tangu tunabeba majani ya ng'ombe kichwani kule Marangu, kile kicheko sio chako kabisa.

Yani siku ya ofu unalala kutwa, chakula hakipandi, kazi za chuo hugusi, hata kusuka umeacha, na hali hiyo tangu mwezi wa kumi. Mimi nashinda wodini, mgonjwa akinieleza hivyo simwambii ni uchovu. Wiki mbili mfululizo huna hamu na kitu, usingizi umevurugika, unajiona hufai, hapo tunafikiria sonona, na sonona ni ugonjwa kama presha ilivyo ugonjwa, hujajitakia wala sio kukosa imani. Kukuombea nakuombea kila siku, ila na hospitali uende.

Halafu hilo giza la huko. Desemba hii jua linawatokea saa nne na nusu asubuhi, saa nane mchana limeshazama! Sisi huku mwaka mzima saa kumi na mbili na nusu kumekucha, mwili wako umekulia hivyo. Hata Wafini wenyewe wapo wanaoshikwa na sonona kila msimu wa giza. Kuna taa maalum za mwanga mkali, lux 10,000, unaiweka mezani asubuhi ukiwa unakunywa chai, nusu saa hivi, usiikodolee macho. Inasaidia wengi, muulize daktari kama inakufaa. Na vitamini D meza, jua la baridi la huko halitoshi ngozi kuitengeneza.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Watu huku wanasema Ufini ndo nchi yenye furaha kuliko zote duniani, kweli tangu 2018 inashika namba moja kwenye ile ripoti, basi wanaona wewe huna cha kulalamika, na wewe umelibeba hilo, unatuma picha umesimama kwenye theluji unatabasamu, kumbe unarudi chumbani unakula tambi kavu ili utume ada ya mtoto wa dada, utume ya bati za mama, na grupu la harusi limeshakuandikia mchango mkubwa kuliko wa wajomba eti kwa sababu yupo Ulaya. Nani kasema ukiwa Ulaya huumwi? Huo mchango usitume. Wakikuuliza waambie mwezi huu sina, nukta, hakuna harusi iliyowahi kuvunjika kwa hilo.

Na najua Desemba ndo inakumaliza kabisa, mabasi ya Dar yanashusha watu Moshi usiku na mchana, kila mtu anapanda nyumbani, status zote ni ndafu na mbege. Kama zinakuumiza usizifungue.

Juzi nilipanda nikapita kwa mama. Sikumwambia kitu, siri yako iko kwangu. Nilimkuta kihambani anakata majani makavu ya migomba, akanawa, akajifuta kwenye kanga, akanipa simu yake nimkuzie picha yako. Akaiangalia weee, akasema huyu shingo imekonda. Baadaye ananisindikiza getini akasema mwambie bati zisubiri, nyumba haijakimbia. Nimekuandikia kama alivyosema.

Sasa hospitali. Najua unachoogopa, huku ukitaja daktari wa akili watu wanakutajia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, papo hapo. Lakini huko wanafunzi mna huduma yenu ya afya, YTHS, ina watu wa afya ya akili, na mambo yako hayapelekwi chuoni wala kwa bosi, wanabanwa na sheria ya siri. Waambie kila kitu, usingizi, chakula, kulia bafuni. Wakikupa dawa usitegemee kesho yake, zinachukua wiki kadhaa kushika, na usije ukaacha mwenyewe ghafla kwa kuona umepata nafuu. Wengine wanapona kwa maongezi na mtaalamu tu, watakupima waone.

Na hili nakuuliza wazi maana kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani: umeshawahi kuwaza kujidhuru, au kwamba bora usingekuwepo? Kama ndiyo niambie leo, hata saa nane ya usiku nipigie. Na ikikuzidi piga 112 kabla hujanipigia mimi, wao wapo karibu na wewe, mimi niko mbali jamani.

Tofauti yetu ni saa moja tu, saa tatu yako ya usiku ni saa nne yangu, nikiwa sina zamu nitakupigia kila siku muda huo. Huhitaji kuwa na stori. Nitaegesha simu pale jikoni nimenye ndizi za mtori wa kesho, wewe lala hapo usikie kelele zetu, ukitaka kulia lia, ukisinzia nitakata.

Kesho asubuhi kabla hujaenda darasani wapigie YTHS, useme unahitaji kuonana na mtu haraka. Wakikupa tarehe nitumie hiyo tarehe. Wakikupa ya mbali sana niambie pia, tutapiga tena wote, nitakuwa kwenye laini.

Mimi naingia zamu. Pokea simu saa tatu.