Barua kwa mdogo wangu: ratiba ya mwanao nimeisoma

Mdogo wangu,

Ile picha ya ratiba uliyonitumia nimeikuza kwenye simu nikaisoma mara tatu. Jumatatu na Jumatano tuisheni, Jumanne karate, Alhamisi kompyuta, Ijumaa kuogelea, Jumamosi chuo cha Kurani asubuhi na kinanda mchana. Jumapili umeandika "kupumzika", halafu pembeni, kwa kalamu nyingine: "mpira?" Umeniuliza kama kuna ulichosahau. Nakujibu hadharani kwa sababu mwezi huu wazazi wengine watatu wameniuliza jambo hilohilo na wote niliwajibu juujuu.

Umesahau usingizi. Basi la shule linapita kwenu Mbezi saa 11 na nusu alfajiri, kwa hiyo mtoto anaamshwa saa 11. Wataalamu wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12 kila usiku. Ili apate hizo 9 za chini kabisa, saa 2 usiku awe ameshalala. Ameshalala, si yuko chini ya kochi anatafuta daftari la Hisabati. Sasa siku ya karate anatoka mazoezini saa 12 jioni, na foleni ya Barabara ya Morogoro unaijua kuliko mimi. Hajaoga, hajala, kazi ya mwalimu hajaigusa. Atalala saa ngapi?

Mimi nilishapita hapo. Kijana wangu alipokuwa darasa la tatu nilimjazia wiki vivyo hivyo. Jioni moja dada wa basi akanipigia: mtoto alipitiwa na usingizi kwenye kiti, basi likapita kituo chetu, likashusha wenzake wote, akaonekana dereva alipokuwa anafagia ndani. Begi bado liko mgongoni. Wiki nzima nilimkasirikia yule dada kabla sijarudi kwenye ratiba niliyoiandika mwenyewe.

Likizo ya mwezi wa sita nikasimamisha kila kitu, nikakaa kumtazama. Kinanda hakukiuliza hata siku moja. Karate aliitaja mara moja, akasahau. Ila kila nikipita sebuleni nakuta miguu ya viti imefungwa kamba, mafundo ya kila aina, aliyoonyeshwa na mtoto wa jirani ambaye ni skauti. Shule ilipofunguliwa akajiunga na skauti palepale shuleni. Hakuna safari ya pili, na gharama kubwa ilikuwa sare na skafu. Huu ni mwaka wa tatu sasa, na sijawahi kumsukuma aende.

Kwa hiyo kwa mwanao ningeanza na kufuta. Chuo sikigusi, ila kihesabu, maana nacho kinachukua nguvu za mtoto. Tuisheni naielewa, upimaji wa kitaifa wa darasa la nne umekaribia. Lakini uliniambia kinachomsumbua ni Kiingereza peke yake, basi siku moja inatosha. Kompyuta na kinanda viondoke. Kati ya karate na mpira achague mwenyewe, mkubaliane amalize muhula mzima, asiache siku aliyofungwa au aliyogombana na mwenzake. Muhula ukiisha akisema hataki, msikilize. Na usilipe ada ya mwaka, hata wakikupa punguzo. Kwenye karate uliza mapema kuhusu ada ya mtihani wa mkanda, maana hiyo huwa haitajwi siku ya kuandikishwa.

Jioni zitakazobaki wazi ziache wazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuchangamsha mwili, na kombolela ya uani inazitimiza bila kulipia nauli.

Kuogelea kubaki. Kuhamie Jumamosi baada ya chuo, pale palipokuwa na kinanda. Kuzama ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya watoto duniani, na sisi tunaishi na bahari mbele, mito na mifereji ya mvua nyuma. Lakini kabla hujalipa, nenda ukakae pale bwawani somo zima. Hesabu watoto wangapi kwa mwalimu mmoja. Uliza nani anawabadilisha nguo wadogo na nani anabaki na mtoto wa mwisho mzazi akichelewa. Mwalimu mzuri hakasiriki ukimuuliza. Anayesema wazazi hawaruhusiwi kutazama, chukua mtoto uondoke. Mwanao naye umwambie wazi kwamba hakuna siri kati yake na mwalimu yeyote, awe wa mpira au wa dini, na namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto aijue kwa kichwa. Kuipiga ni bure.

Sasa niseme lililonifanya nishindwe kulala juzi. Kwenye ratiba yako yote jina la binti yako limeandikwa mara moja tu: "Ijumaa, dada yake atampeleka." Yuko darasa la sita. Atakaa kwenye benchi la bwawani ameshika taulo.

Unakumbuka Raskazone? Kaka zetu wakiogelea, mimi na wewe tumekaa kwenye ngazi tunalinda nguo zao. Tumekulia Tanga, bahari ipo hapo, na mpaka leo hakuna kati yetu anayeweza kuelea dakika mbili. Hakuna aliyetukataza. Hakuna aliyetuuliza pia. Naomba binti yako aingie majini pamoja na mdogo wake, kwa ada ile unayoiokoa kwenye kinanda. Kama ni suala la stara, mavazi ya kuogelea ya kufunika mwili yanauzwa Kariakoo, na tafuteni mwalimu wa kike.

Halafu kuna jambo nadhani hulijui. Nilipokuja mwezi wa tatu nilimkuta binti yako anacheza rede na wasichana wa mtaani. Kila mpira unaomjia anaukwepa au anaudaka. Akaniambia mwalimu wao alimtaka kwenye timu ya netiboli ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, akakataa kwa kuwa mazoezi yanagongana na saa ya kumpokea mdogo wake kwenye basi. Mashindano hayo huanzia ngazi za chini yakapanda hadi mkoa na taifa, na mazoezi yake ni shuleni kwao, bila ada. Wa kumpokea mdogo atapatikana. Jirani yenu mwenye duka nimeshaongea naye, amekubali kumpokea siku za mazoezi.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Nitumie saizi ya mguu wake leo, nipitie sokoni nimnunulie raba.

Dada yako