Mama Glory, anzia Yeremia sura ya 28

Mama Glory mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Moshi hatujambo, ila baridi ya mwezi wa saba inatukung'uta kwelikweli. Baba Eliya anakusalimu, anauliza kama Masasi mmeanza kula korosho badala ya ugali. Habari nyingine utapewa na huyu mleta barua, maana kwa kusimulia amenizidi.

Ninaandika kwa sababu ya ule ujumbe wako wa Jumapili. Nilitaka kupiga simu, nikaona salio litakata katikati, na wewe ukishanuna hupokei tena. Umesema nabii amekuambia uhamisho wako wa kikazi wa kwenda Masasi utatenguliwa kabla ya Krismasi, na ukanitumia Yeremia 29:11 kama uthibitisho. Tena ukasema ndiyo maana hujafungua masanduku, godoro liko sakafuni, na kanisani unatoka kabla ya matangazo ili wasije wakakuandikisha jumuiya. Hapo kwenye matangazo nilicheka, wallahi. Usiku usingizi ukanipaa.

Sasa sikia. Jumuiya yetu ya Alhamisi tumo humohumo kwenye Yeremia. Tumeacha ule mtindo wetu wa kudokoa mstari huu na ule. Tunasoma sura nzima, anayesoma hakatizwi, halafu ndiyo maswali: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kimetangulia nini. Mwanzoni ilichosha. Yule mwenzetu wa kona alikuwa anakoroma kabisa, unamjua. Lakini sura ya 29 ilimwamsha hata yeye.

Kumbe ile ni barua! Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, na barua inapelekwa kwa mkono na Elasa na Gemaria. Mstari wa 11 wote tunaujua, umebandikwa kwenye vioo vya nusu ya haisi za mji huu. Wa 10 sijauona kwenye haisi hata moja: kwanza miaka 70 itimie Babeli. Bibi wa miwani ya uzi ndiye aliyekuwa akisoma, kidole kinafuata neno kwa neno. Alipofika hapo kidole kikaganda. Akavua miwani: "Sabini? Si wengi wa hawa walizikwa hukohuko!" Basi kila mtu akaanza kujumlisha umri wake na sabini, ikawa vicheko vya uchungu.

Na kabla hujanijibu, soma sura ya 28. Hanania naye ni nabii. Anasimama hekaluni mbele ya makuhani, kwa jina la Bwana yuleyule, anasema ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Anaitoa shingoni mwa Yeremia ile nira aliyoivaa kama ishara ya kutumikia Babeli, anaivunja. Nikangoja Yeremia awake. Wapi! Alikuwa ameshasema "Amina, BWANA na atende hivi", na baada ya nira kuvunjwa akaenda zake tu. Nadhani naye alitamani iwe kweli, watu wake warudi nyumbani. Neno la kumpinga Hanania lilikuja baadaye, na Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba (wao, si huu wetu).

Sisemi nabii wako ni Hanania. Sijamsikia, na tafadhali usiende kumwambia kuwa mama Eliya kasema utakufa, nakujua kwa kufikisha maneno. Ninalosema ni kwamba mstari ulionitumia uko ndani ya barua ya kuwakataza watu wasidanganywe na ahadi za kurudi upesi. Angalia mstari wa 8 na wa 9. Huwezi kuuchomoa humo ukathibitishia ahadi ya kurudi upesi.

Watu wa Beroya, Matendo 17, walimsikia Paulo kwa moyo wote, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo. Paulo hakununa. Huyo wako atanuna kwa nini?

Tangu kipaimara tumelelewa na mstari mmojammoja, na kwa kweli umetuvusha mengi, siudharau. Ila tangu tuanze kusoma hivi hata maombi yangu yamebadilika. Zamani nilikuwa nikiomba mambo yaishe. Sasa hivi... aa, hili tutaongea tukionana.

Mimi nataka urudi kuliko huyo nabii. Sauti ya pili kwenye kwaya imebaki yatima. Nasema Amina, Bwana na atende hivyo, Krismasi tuwe wote. Lakini wale wa Babeli waliambiwa wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, wauombee amani mji ule, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani". Mama Glory, wewe hata kitanda hujafunga!

Haya niambie. Huyo nabii alisema "kabla ya Krismasi" kwa mdomo wake, au wewe ndiye uliyekazia? Alitaka sadaka? Kiasi gani? Uani kuna nafasi ya tuta moja la matembele, na maji mnapata siku ngapi kwa wiki? Waanglikana wa hapo wana kwaya ya akina mama? Wanafunzi wako wakoje, au nao hujawafungulia sanduku? Glory anakula? Na ile itifaki yangu ya Biblia, kile kitabu cha kutafutia neno liko mstari gani, iko kwenye boksi gani? Nimepangiwa kuongoza sura ya 30 na naihitaji, mpe mleta barua, anarudi Jumatatu.

Ndizi mshare hizo zipike mapema, zitaiva njiani.

Wako,
Mama Eliya