Asidi za kuchubua ngozi zisichezewe nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie asidi za kuchubua ngozi ya uso, ambazo siku hizi wengi hapa Dodoma wanajipaka wenyewe nyumbani. Mdogo wangu alinunua kichupa kisichoandikwa kiwango cha asidi, akajipaka na kuendelea kupika, na kesho yake mashavu yalikuwa yamebabuka kama yaliyomwagikiwa uji wa moto. Sasa amebaki na mabaka meusi, kwani ngozi yetu ikiungua huacha weusi unaokaa miezi.

Asiyeweza kuacha na achague asidi ya glikoliki isiyozidi asilimia 10, aijaribu kwanza nyuma ya sikio na kusubiri saa 48, kisha azingatie dakika zilizoandikwa kwenye kichupa na kuosha mara moja kwa maji mengi ngozi ikianza kuwaka. Asidi ya trikloroasetiki asiiguse. Hiyo ni ya daktari wa ngozi. Na jua letu hili, ambalo hata mbuzi hulikimbia saa saba mchana, huibabua upesi ngozi iliyotoka kuchubuliwa, hivyo mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha nguvu ya kukinga jua) na mtandio ni vya lazima.

Msomaji wako,
Kikuyu, Dodoma