Bia Iliyobaki Kwenye Friji: Tunachofanya Nayo na Tusichofanya

Wageni wakishaondoka, friji ya nyumba ya likizo hapa Malindi huwa na vitu vilevile: kipande cha ndimu kilichokauka, siagi kidogo, na bia mbili tatu, moja ikiwa imefunguliwa na gesi imekwisha. Wenye nyumba tunaowafanyia usafi huko Casuarina na Silversands hutuuliza kama tunaweza kuitumia kung'arishia fanicha, maana wamesoma mtandaoni. Hapana, hatufanyi hivyo. Lakini pia si lazima yote imwagwe.

Tuanze na mbao. Ndani ya bia mna sukari za shayiri ambazo hamira haikuzimaliza. Ukipangusia meza ya mbambakofi, maji na kilevi hukauka, sukari ikabaki juu kama utando. Siku hiyo meza inang'aa kweli, na ndiyo picha wanayoiweka mtandaoni. Ngoja masika: kwa joto na unyevu wetu, utando unaanza kunata, unashika vumbi, sisimizi wanapanga foleni kutoka dirishani, mwisho koga. Sisi hutumia kitambaa kilichokamuliwa vizuri, tukakausha, kisha mafuta ya mbao kidogo. Njumu za shaba mlangoni nazo, bia ina uchachu kidogo tu. Ukwaju uliorowekwa, au ndimu na chumvi, utakumalizia kazi mapema, tena kwa bei ndogo kuliko Tusker.

Bia inapofaa hasa ni kwa wale nzi wadogo wa matunda, wanaojaa jikoni msimu wa maembe. Wao hufuata harufu ya tunda linalochacha, na bia inanukia hivyohivyo. Mimina kiasi cha vidole viwili kwenye glasi, tia tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, uiache usiku kucha karibu na bakuli la matunda. Bila sabuni, nzi hutua juu ya bia, akanywa, akaenda zake. Sabuni ikiwemo, uso wa bia haumbebi tena, anazama. Asubuhi utawaona chini ya glasi kama punje za pilipili manga. Bia iliyoisha gesi inafanya kazi sawa na mpya, kwa hiyo usifungue nyingine.

Bustanini pia ina kazi. Wenye kupanda rihani na mchicha wanajua koa na konokono wadogo wanavyomaliza majani machanga mvua ikinyesha. Chimbia kikombe jioni, mdomo wake ubaki juu ya udongo kidogo ili wadudu wenye faida wasitumbukie, kisha tia bia hadi nusu. Mtego huu unawavuta walio karibu tu, kwa hiyo kitalu kirefu kinataka vikombe kadhaa, na mvua ikiingia bia ibadilishwe. Wale konokono wakubwa waokote kwa glavu, usiwashike kwa mkono mtupu. Wanaweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu. Inayobaki tunaimwaga kwenye mboji. Kwenye mimea yenyewe hatuimwagi, wala kwenye bakuli la paka.

Jikoni tuna neno moja zito. Samaki wa kuchovya kwenye unga wa bia huwa mwepesi kwa sababu ya gesi, kwa hiyo ile iliyolala haisaidii. Labda uilowekee nyama ya mishkaki. Ila watu hudhani kilevi chote huruka kwenye moto, na sivyo. Mchuzi uliochemka saa nzima bado huwa na takriban robo ya kilevi kilichotiwa. Hata baada ya saa mbili na nusu husalia kama asilimia 5. Usimwekee mgeni Mwislamu chakula hicho bila kumwambia. Tungeomba hata usimpikie kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo, wenzetu wasiogusa pombe hatuwapi kazi ya kuimwaga wala kuosha glasi zake. Tunampanga mtu mwingine, na ratiba haibadiliki kwako.

Chupa zisizofunguliwa tunaziweka kabatini penye giza. Mwanga wa jua huharibu bia, hasa ya chupa ya kijani au nyeupe. Ya kahawia hustahimili zaidi. Hatuzinywi, hatuziuzi.

Ukituandikia kupanga usafi wa baada ya wageni, tuambie mapema: zisizofunguliwa zibaki au ziondoke, una kitalu cha mboga au huna, na mtego wa nzi uwekwe au usiwekwe. Chupa tupu za kurudishwa tutazipanga kwenye kreti nyuma ya jiko. Pesa zake ni zako.